TAHADHARI: Picha za maua za "akriliki" zinazotumwa Tanga kwa basi

Ndugu zangu wa Tanga, hasa mnaopamba sebule, saluni na nyumba za wageni: kuna muuzaji wa mtandaoni anayejitangaza kuwa yuko Dar, anauza picha kubwa za maua ya kisasa. Tangazo lake linasema zimechapwa kwenye bodi ya akriliki, yaani plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, yenye unene wa milimita 5. Uongo. Mimi ni fundi fremu hapa Ngamiani, picha hizo naletewa nizitundike, na zote ugonjwa wake ni uleule.

Ya karibuni ni ya mama mmoja anayefungua saluni. Maua mekundu, sentimita 60 kwa 90, kalipa shilingi 180,000 yote kabla mzigo haujapakiwa. Kaupokea stendi ya Kange umezungushiwa selotepu kila upande. Kwa mbele inang'aa, huwezi kuitilia shaka. Nikabandua utepe wa rangi ya fedha uliozungushwa pembeni: ndani fomu nyeupe, ile bodi nyepesi kama sponji iliyokazwa, juu stika. Nilipopitisha kucha, petali likainuka, chini yake mapovu matupu. Kwa unyevu wetu huu wa bahari, stika ile haimalizi masika.

Alipolalamika, akaambiwa atume 25,000 ya kubadilishiwa. Akatuma. Akablokiwa. Hela ya mtaji wa mtu hiyo, inauma sana.

Akriliki ya kweli picha inakaa nyuma ya bodi, kwa hiyo ukipitisha kucha mbele unakuta plastiki ngumu tu. Ukingo wake ni angavu, hauna haja ya kufichwa na utepe. Halafu pimeni uzito: bodi ya ukubwa ule yenye milimita 5 inazidi kilo 3. Ya yule mama tuliiweka kwenye mizani ya duka la jirani, haikufika hata kilo moja.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela, mwambie akutumie video ya ukingo, na picha ikiwa juu ya mizani. Akianza maneno mengi, achana naye. Bora ulipe ukishakagua mzigo palepale stendi.

Mliokwisha kulipa, msifute meseji za muamala wala mazungumzo, nendeni nazo polisi. Meseji zake za kutaka hela zitumeni 15040, namba ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) ya kuripoti matapeli.

Na mwenye picha ya namna hiyo asiitoboe kwanza. Alete nimkagulie bure, maana ikishapigwa msumari muuzaji atasema umeiharibu wewe.