Mafundi wa seva wa Kariakoo: tathmini ya kazi yao kwenye sasisho lililokuwa likigoma

Ofisi hii iko ghorofani, katika moja ya majengo ya Kariakoo ambayo chini yake pamejaa maduka ya simu na vifaa vya umeme, na mteja asiyeelekezwa anaweza kuupita mlango wake asijue kwamba juu kuna watu wanaoshughulika na seva, yaani kompyuta kuu zinazohudumia kompyuta nyingine za ofisi. Ninaiandikia kwa urefu kwa sababu huduma ya namna hii haipatikani kirahisi Dar es Salaam kwa mfanyabiashara wa kati. Kampuni kubwa zilizotupokea zilitaka kwanza mkataba wa mwaka mzima, na mafundi wetu wa kila siku, ambao kwa kompyuta za mezani ni hodari kabisa, huichukulia seva kuwa kompyuta ile ile iliyovimba.

Seva yenyewe ni ya duka letu la dawa la jumla. Inatumia Windows Server 2019, na ndani yake imo hifadhidata ya bidhaa zote pamoja na tarehe za kuisha kwa muda wa dawa, mafaili ya hesabu, na ruhusa za kila mfanyakazi. Tatizo lake lilikuwa la kujirudia: sasisho la mwezi lilipakuliwa bila shida, likaanza kusimikwa, mashine ikazima na kuwaka, kisha ikatangaza kwenye skrini kwamba inatengua mabadiliko, na baada ya kungoja kwa muda mrefu tukarudi pale pale tulipokuwa. Katika orodha ya masasisho ilibaki namba ya kosa 0x80073712.

Kabla ya ofisi hii alikwishapita fundi mwingine. Alisimamisha huduma za usasishaji, akabadilisha majina ya SoftwareDistribution na catroot2, folda ambazo Windows hutumia kwa masasisho yaliyopakuliwa na uhakiki wake, ili mfumo utengeneze mpya, akawasha upya. Hiyo ni dawa halali, tena hutibu vizuri pale ambapo faili lililopakuliwa limeharibika njiani au orodha ya masasisho imevurugika. Lakini sasisho letu lilikuwa linafika zima na kukataliwa ndani, kwa hiyo dawa hiyo haikugusa ugonjwa. Iliposhindikana, ushauri wake ukawa ni kupiga Windows upya. Kwa kompyuta ya karani, kupiga Windows ni kazi ya mchana mmoja. Kwa seva yenye hifadhidata, watumiaji, ruhusa na printa za matawi, ni kubomoa nyumba kwa sababu kitasa kimekwama.

Mafundi wa Kariakoo walianzia kwenye simu, na maswali yao ndiyo yaliyonifanya niwaamini. Waliuliza toleo kamili la mfumo, namba ya kosa kama ilivyoandikwa, nafasi iliyobaki kwenye diski ya C, na kama tuna nakala rudufu. Swali la mwisho walilifuatishia jingine ambalo hakuna aliyewahi kutuuliza: mara ya mwisho nakala hiyo ilifunguliwa lini na kusomwa?

Fundi alikuja baada ya duka kufungwa, akiwa na kompyuta yake ya mkononi na diski ya nje. Nilitegemea angeketi moja kwa moja mbele ya seva. Badala yake alisema, “Dada, hapa sigusi kitu mpaka nione nakala inafunguka.” Alichukua nakala nzima ya diski, akaifungua kwenye kompyuta yake, akaniomba nimtajie ankara yoyote ya mwezi uliopita, akaitafuta mbele yangu mpaka ikaonekana na jumla yake. Hatua hiyo ilikula sehemu kubwa ya jioni, na mteja mwenye haraka angeweza kunung’unika. Mimi ningelipia hiyo peke yake.

Kisha akavuta katoni tupu ya dripu, akaikalia, akafungua faili la kumbukumbu linaloitwa CBS.log, ambalo Windows huliweka ndani ya folda ya Logs. Ni faili refu la kuchosha, lenye maelfu ya mistari ambayo mingi haina maana kwa anayetafuta kosa. Alilisoma kutoka mwisho kwenda juu, akilitafuta kosa la kwanza badala ya la mwisho, kwa maelezo kwamba makosa ya chini mara nyingi ni mwangwi wa lile la juu. Alipolifikia alinionyesha mstari uliotaja kijenzi kilichoharibika, yaani kipande kimojawapo kinachounda Windows, pamoja na namba ya sasisho la zamani kilikotoka.

Maelezo aliyonipa nayaweka hapa kwa sababu yanaeleza kwa nini dawa ya kwanza haikufaa. Windows ina ghala la vijenzi vyake vyote, katika folda ya WinSxS. Sasisho jipya haliji na mfumo mzima. Hutegemea vijenzi vilivyomo ghalani, huvilinganisha, kisha hujenga juu yake. Kikikosekana kimoja, au kikiwepo lakini maandishi yake hayalingani na alama yake ya uhakiki, usimikaji husimama na mfumo hujirudisha nyuma ili usibaki nusu kwa nusu. Namba 0x80073712 maana yake ni hiyo: ghala limeharibika. Namba nyingine husema mambo mengine kabisa, kwa mfano 0x80070070 husema nafasi ya diski haitoshi, ndiyo maana swali la nafasi ya diski lilikuja mapema kwenye simu.

Matengenezo yenyewe yalikuwa na vikwazo, na hapa ndipo uzoefu ulipojionyesha. Aliendesha DISM, chombo cha Windows cha kutengeneza mfumo, kwa amri ya RestoreHealth, ambayo hulikagua ghala na kujaribu kulitengeneza. Ikagoma kwa 0x800f081f, yaani haikupata mahali pa kuchukua vijenzi vizima. Mafundi wengi hapo huchomeka flashi yenye mfumo wa Windows Server 2019 na kuielekeza DISM kwenye faili la install.wim, lenye nakala ya mfumo huo. Naye alifanya hivyo, lakini alinitahadharisha mapema kwamba huenda isitoshe, kwa kuwa flashi hubeba vijenzi vya siku ilipotengenezwa, wakati seva yetu imekwishapokea masasisho mengi baada ya hapo, na kijenzi kilichoharibika ni cha mojawapo ya hayo. Ikawa kama alivyosema: baadhi ya vijenzi vilipona, kimoja kikabaki.

Akaingia kwenye katalogi ya masasisho ya Microsoft, akapakua lile sasisho la zamani lililotajwa kwenye kumbukumbu, akalifungua mpaka vijenzi vilivyomo ndani yake vikaonekana, kisha akaielekeza DISM huko. Safari hii ilimaliza bila kulalamika. Akafuatisha SFC, chombo kingine cha Windows, kuhakiki mafaili ya mfumo unaotumika. Utaratibu huo, ghala kwanza na mafaili ya mfumo baadaye, una sababu: SFC huchukua mafaili yake mazima kutoka kwenye ghala hilo hilo, na ukiitanguliza unaiagiza itengeneze kwa vipuri vibovu.

Kabla ya kusimika sasisho la mwezi alihakikisha pia kwamba KB5005112 lipo. Hilo ni sasisho la Agosti 2021 la sehemu ya Windows inayosimika masasisho mengine, na kwa Windows Server 2019 masasisho ya baadaye hulihitaji litangulie. Letu lilikuwepo. Baada ya kuwasha upya hakuridhika na ujumbe wa kwamba yote yamekamilika. Alifungua winver, kidirisha kinachoonyesha toleo la Windows, akasoma namba inayofuata baada ya 17763, ambayo ni namba ya Windows Server 2019 yenyewe, akailinganisha na ile iliyotangazwa kwa sasisho la mwezi huo. Zililingana, akaniomba nami nizisome.

Kuhusu chanzo hakukisia. Alikagua diski kwa chkdsk na kwa taarifa za afya ya diski zenyewe, akakuta hazina kasoro, ndipo akageukia tarehe kwenye kumbukumbu za mfumo: seva ilizimika ghafla katikati ya usimikaji wa lile sasisho la zamani. Umeme ulikatika, UPS, yaani kifaa cha betri cha kushikilia umeme, ikabeba kwa dakika chache kisha ikaisha. UPS yetu ina tundu la waya wa kuiarifu seva ijizime kwa utaratibu, lakini waya haukuwahi kuchomekwa na aliyeifunga. Jijini kwetu, ambako kila mtu analaumu intaneti sasisho likishindwa, maelezo haya yana uzito: intaneti ikikatika wakati wa kupakua, mfumo hungoja na kuendelea baadaye, umeme ukikatika wakati wa kuandika ghalani, madhara yanaweza kukaa kimya kwa miezi. Alichomeka waya, akaweka mpangilio, akachomoa UPS ukutani ili tuone seva ikijizima yenyewe.

Ushauri wake wa mwisho ulihusu ratiba. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya kila mwezi, ambayo kwa saa za kwetu ni saa mbili au saa tatu usiku kutegemea majira ya Marekani. Yeye hashauri seva iyasimike usiku huo huo bila mtu. Alitoa mfano wa Januari 2022, masasisho ya tarehe 11 yaliposababisha baadhi ya seva zinazosimamia mitandao ya ofisi kujiwasha upya mfululizo, na marekebisho yakatolewa tarehe 17. Kungoja siku kadhaa, kuchukua nakala, kisha kusimika Jumamosi jioni mtu akiwa karibu kunatosha kwa biashara kama yetu. Hakutusukuma kununua toleo jipya pia, akisema Windows Server 2019 itaendelea kupata masasisho ya usalama hadi tarehe 9 Januari 2029. Fundi anayeacha kuuza kitu ambacho mteja angekikubali ni wa kukumbukwa.

Sasa kasoro, na si ndogo zote. Bei ilitolewa kwa jumla: Sh 450,000 kabla ya VAT ya asilimia 18, bila mchanganuo wa nakala, matengenezo na kazi ya UPS. Kiasi chenyewe sikioni kikubwa nikilinganisha na hasara ya duka kufungwa, na risiti ya EFD waliitoa bila kuombwa, lakini mhasibu yeyote anayepeleka ankara kwa mwenye mali anahitaji kuonyesha kila shilingi imelipia nini. Ripoti ya maandishi niliahidiwa kesho yake, ikaja baada ya kuikumbushia, na ilikuwa fupi kuliko kazi iliyofanyika. Namba ya sasisho la zamani, ambayo fundi mwingine angeihitaji kuliko chochote, haikuwemo hadi nilipoirudisha.

Kasoro iliyonikera zaidi ni programu ya kuingia kwenye seva kutoka mbali. Fundi aliiweka ili mwenzake wa ofisini amsaidie kwa kitambo, akaondoka ikiwa bado imo na imepangwa kuwaka yenyewe. Nilipopiga simu waliiondoa siku hiyo hiyo na kuomba radhi, na sina sababu ya kudhani nia mbaya. Hata hivyo seva yenye taarifa za wateja haiachiwi mlango ambao mwenyewe hajui kama upo, na mteja asiye na mazoea ya kupitia orodha ya programu asingeligundua.

Kwa nyota tano ninawapa nne. Anayewaita awaombe mambo matatu kwa maandishi kabla hawajapanda gari: mchanganuo wa bei, ripoti yenye namba za makosa na masasisho yaliyotumika, na kukabidhi orodha ya kila programu waliyoiweka. Wanapatikana Jumatatu hadi Jumamosi, Jumapili simu haipokelewi, na gari ni heri uliache Mnazi Mmoja utembee, kwa sababu mbele ya jengo mchana hakuna pa kuegesha.