Gereji iliyoniambia gari za klachi si za akina mama: uzoefu wangu

Nilisubiri hasira ishuke ndipo niandike. Haijashuka, kwa hiyo naandika hivi hivi.

Kuna gereji moja hapa Dar es Salaam, kubwa, ina vigae sakafuni na kiyoyozi kwenye chumba cha wateja. Jina silitaji. Niliambiwa na watu watatu tofauti kwamba kwa magari ya Kijapani pale ndiyo kiboko. Nikawapelekea gari yangu masika yalipoanza, ikiwa na ugonjwa mmoja tu: inakosa sailensi (ule mngurumo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta) na kuzima. Ikiwa kwenye mwendo haina shida. Inazima pale ninapotaka kusimama, nimeshaondoa mguu kwenye mafuta na klachi nimeikanyaga hadi chini. Mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika unaporomoka hadi 400, usukani unatetemeka, halafu kimya. Mara ya kwanza ilinizimikia Magogoni wakati naingia kwenye pantoni, mbele yangu mikokoteni na watu wa miguu, nyuma honi. Nilitetemeka mpaka Kigamboni.

Haya yote nilimweleza msimamizi wa gereji. Hakuuliza swali hata moja. Alichomeka mashine ya kupimia, akanitoza 30,000, na mashine haikuonyesha kosa lolote. Akaniangalia, akaangalia miguu yangu, kisha akasema kwa sauti mbele ya wateja wengine: "Mama, gari za klachi si za akina mama. Unaiachia klachi haraka, ndiyo maana inazima. Uza hii, nunua otomatiki."

Naendesha klachi tangu 2004. Marehemu baba alinifundisha kwenye pikapu, barabara ya Mombo kupanda Lushoto, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Mtu aliyejifunzia kule haambiwi na mtu kuhusu mguu wake.

Na tuache hata matusi, tuangalie alichosema. Nimemwambia gari inazima klachi ikiwa imekanyagwa. Nimeiachia saa ngapi? Gari ikiwa kwenye gia na bado inatembea, magurudumu yenyewe yanaizungusha injini, hata kama injini inaumwa huwezi kugundua. Ukikanyaga klachi umeitenganisha na magurudumu, sasa inabidi ijishikilie yenyewe kwa hewa kidogo na mafuta kidogo. Ikishindwa hapo, kosa limo kwenye sailensi. Hili halihitaji shahada.

Yeye akasema basi ni pampu ya mafuta. Nikamwambia, kaka, wiki iliyopita nimetoka Chalinze na hii gari, watu watano na magunia mawili ya mkaa, imevuta vizuri njia nzima. Pampu iliyochoka inakuangusha pale injini inapotaka mafuta mengi, mlimani au kwenye mwendo mkubwa, haingoji usimame kwenye taa. Akanijibu, "Mama, mimi ndiye fundi." Wakabadilisha pampu, 180,000. Wakaongeza na plagi nne. Nililipa. Nilichoka kubishana, na nilikuwa na msiba Temeke, nilitaka gari.

Ilizima kabla sijafika Temeke.

Niliporudi, nadhani siku nne baadaye, msimamizi hakuwepo. Alikuwepo kijana mmoja mwanagenzi, ovaroli imemzidi. Akanisalimia, shikamoo mama, kisha akauliza: "Inazima ukikanyaga klachi au ukiiachia?" Nilitaka kulia. Swali hilo nililisubiri tangu siku ya kwanza. Akauliza tena kama breki zimebadilika. Nikakumbuka kwamba pedeli ilikuwa imekuwa nzito kwa muda sasa, na hilo pia nilimwambia bosi wake, naye akasema nibadilishe pedi.

Kijana akawasha injini, akafungua boneti, akasikiliza tu. Mshale ulikuwa unapanda hadi 1,100 na kushuka hadi 500, unapanda na kushuka, kama mtu mwenye pumu. Akaniomba nikanyage breki: sssss. Akachukua koleo, akaubana ule mpira mnene unaotoka kwenye manifoldi (mabomba ya kuingizia hewa kwenye injini) kwenda kwenye buta ya breki (kile kifaa kinachotumia mvuto wa hewa wa injini kulainisha pedeli). Injini ikatulia. Akaachia, ikaanza tena. Akabana, ikatulia. Halafu akaugeuza mpira nikauona kwa chini, pale unapobanwa na klipu: umekakamaa kwa joto na umepasuka kama magaga ya kisigino. Nilipitisha kidole. Ufa unaingia ukucha.

Akanielewesha taratibu. Hewa inayoingia kwenye injini inapimwa na sensa iliyo mbele ya throto, ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Inayopenya kwenye ufa imepita nyuma ya sensa, haijapimwa, kwa hiyo kompyuta inatoa mafuta kulingana na hewa inayoijua, mchanganyiko unakuwa mwepesi (mafuta hayatoshi kwa hewa iliyopo) na injini inakosa nguvu ya kujizungusha. Kwenye mwendo hewa ni nyingi, ule upungufu hauonekani. Mashine inaweza isione kitu kabisa. Akafungua na throto yenyewe, ilikuwa na masizi meusi kama sufuria ya kuni, akaisafisha pamoja na kile kivalvu kinachopitisha hewa ya sailensi. Mpira nilienda kuutafuta mwenyewe Gerezani, 15,000.

Kwa hiyo nilitaka kusema msiende pale. Sasa nikimkumbuka yule kijana nashindwa. Mafundi wanaosikiliza injini kabla ya kushika spana si wengi, na yule yuko pale pale, chini ya yule yule anayemtuma kununua chai. Ukienda, mtafute mwenye ovaroli kubwa. Lakini pesa yako itaingia kwa nani? Kwa msimamizi. Hapana, msiende. Au nendeni, ila mkatae mashine na mtake kuongea na kijana.

Pampu yangu ya zamani niliiomba, wakanipa kwa shingo upande. Kijana aliiunga kwenye betri tukiwa nje ya geti: iliunguruma bila kukwama. Nilimpigia msimamizi kuhusu 180,000 zangu, akasema pampu mpya haina hasara kwa gari, nimshukuru.

Leo asubuhi nimekaa kwenye foleni ya pantoni karibu nusu saa, kiyoyozi kimewaka, klachi nimeikanyaga na kuiachia mara ishirini. Mshale umesimama kwenye 750. Pampu iko kwenye buti, imefungwa na gazeti, na Jumatatu naipeleka mezani kwake.