Multimita ya Kidijitali kwa Ukarabati wa Pinboli za Zamani: Ubora Wake na Mipaka Yake

Multimita ndogo ya kidijitali, yaani kifaa cha kupimia volti na ukinzani, ile ya mkononi inayojichagulia kipimo na kulia inapokuta njia ya umeme, ndiyo zana ya kwanza kununuliwa na karibu kila mtu aliyepata mashine ya zamani ya pinboli, mchezo wa kupiga mpira wa chuma kwenye meza iliyoinama, iliyogoma kufanya kazi. Nimekuwa nikiitumia kwenye mashine za rilei (swichi zinazoendeshwa na sumaku ya umeme) na mota, yaani zile zilizotengenezwa Chicago na kampuni kama Gottlieb, Williams na Bally kabla ya saketi za kielektroniki kuchukua nafasi yake mwishoni mwa miaka ya 1970. Kwa maoni yangu ni chombo kizuri, isipokuwa mlio wake, ambao ndio humvutia mnunuzi, ni kipengele cha kutiliwa shaka kuliko vyote katika kazi hii.

Sababu iko katika namna mashine zenyewe zilivyojengwa. Ndani yake hamna kompyuta. Alama, zamu ya mchezaji na idadi ya mipira hutunzwa na rilei, stepa (swichi za kuzunguka zinazosogea hatua moja moja) na magurudumu ya alama, huku mota ikizungusha kemu, yaani diski zenye vijino, zinazofunga na kufungua swichi kwa mpangilio maalumu. Transfoma hutoa takriban volti 6 za taa na, katika mashine nyingi, volti 24 hadi 30 za koili, yaani waya uliozungushwa unaogeuka sumaku na kuvuta chuma unapopata umeme, nazo kwa kawaida ni za mkondo geu, ingawa Bally walitumia pia volti zinazokaribia 50. Kila koili huendeshwa kupitia mlolongo wa swichi, na milolongo hiyo hukutana tena kwenye transfoma ileile. Kwa hiyo, unapogusisha ncha za multimita kwenye miguu miwili ya swichi, umeme mdogo wa multimita hauna njia moja tu ya kupita.

Chukua hitilafu inayojulikana kuliko zote: mchezo unapoanzishwa, mota haisimami, na mashine inaendelea kujaribu kurudisha magurudumu ya alama kwenye sifuri bila kikomo. Kila gurudumu lina swichi inayopaswa kufunguka linapofika sifuri, na moja ikibaki imefunga, mashine huamini kwamba kazi haijaisha. Ukizikagua swichi hizo kwa mlio, huenda zote zikalia, hata ile ambayo macho yanaona wazi kwamba ndimi zake, yaani vipande vyembamba vya chuma vinavyogusana, zimeachana. Kinachosikika ni umeme uliozunguka kupitia koili yenye ukinzani wa omu chache na waya za transfoma zenye ukinzani mdogo zaidi, na zipo multimita zinazolia hata kwenye omu 30 au 50. Taa nazo huchangia, kwa kuwa nyuzi za balbu iliyopoa zina ukinzani mdogo sana kuliko zikiwa zinawaka. Dawa yake ni kuacha kusikiliza na kusoma namba: swichi safi iliyofunga husoma chini ya omu moja, na namba yoyote iliyo juu ya hapo inastahili kuulizwa imetoka wapi. Pasipo na uhakika, kipande cha karatasi ngumu kinachopenyezwa kati ya ncha za swichi ya jirani hukata njia ya pembeni bila kulazimika kuondoa lehemu. Kazi yote hii hufanywa plagi ikiwa imechomolewa ukutani, maana katika baadhi ya mashine kuzima mchezo hakukati umeme unaoingia kwenye transfoma.

Katika kupima volti, multimita hii ina udhaifu unaotokana na ubora wake wenyewe. Ukinzani wake wa ndani, ambao kwa kawaida ni megaomu 10, hufanya isinyonye umeme wowote wa maana, na matokeo yake ni kwamba waya uliokatika lakini umelala kifungu kimoja na waya wenye umeme huonyesha volti kadhaa ambazo hazina nguvu ya kuwasha chochote. Vivyo hivyo, ncha ya swichi iliyofunikwa na kutu nyeusi inaweza kupitisha volti 28 kamili hadi kwenye multimita, kisha ikashindwa kabisa kuivuta koili. Njia ninayoiamini ni kupima juu ya swichi yenyewe wakati imefunga na koili inadai umeme. Swichi nzuri itaonyesha karibu sifuri. Ikionyesha volti 5 au 10, uchafu upo hapo. Kipimo hichohicho hutumika kwenye fyuzi, ambayo mara nyingi ni nzima ila kishikio chake kimelegea au kimeliwa na kutu. Kwa kipimo hiki kimoja peke yake multimita imelipia gharama yake.

Inaposhindwa waziwazi ni kwenye umeme wa kugusa na kuachia. Kemu za mota hutoa mapigo mafupi, na multimita inayojichagulia kipimo huwa bado inatafuta kiwango wakati pigo limeshapita, hivyo kioo huonyesha namba zisizo na maana. Multimita ya mshale, ambayo wengi wameitupa, hufanya vizuri zaidi hapa kwa sababu mshale huonekana ukiruka hata kama haufiki mwisho. Balbu ya volti 28 iliyofungwa nyaya mbili ni bora kuliko zote mbili: inanyonya umeme wa kutosha kufichua ncha chafu, na inamweka mwenye kutazama sambamba na mwendo wa mota.

Kwenye koili, kinyume chake, namba za kidijitali hazina mpinzani. Koili ya flipa, ule mkono mdogo unaopiga mpira, ina mizingo miwili, mmoja wa nguvu wenye omu 2 hadi 4 hivi na mwingine wa kushikilia wenye ukinzani mkubwa zaidi, na swichi ya mwisho wa mwendo ndiyo huuleta huo wa pili kazini flipa inapofika juu. Weka klipu za multimita kwenye koili, kisha sukuma chuma cha ndani taratibu kwa kidole. Namba inapaswa kuruka kutoka omu chache hadi makumi pale swichi inapofunguka. Isiporuka, koili itabeba umeme mzito muda wote kitufe kinaposhikiliwa, na harufu ya kuungua haitachelewa. Kumbuka tu kwamba waya za multimita nazo zina ukinzani, mara nyingi robo hadi nusu ya omu, kiasi kisichopuuzika unapopima omu 2. Kitufe cha kufuta kianzio, yaani kinachoondoa ukinzani wa waya hizo kwenye namba inayosomwa, kama kipo, kina faida kubwa hapa.

Hata hivyo, siku nyingi zana ninayoitoa kwanza mfukoni ni waya mfupi wenye klipu pande zote mbili, pamoja na mchoro wa saketi. Mashine ikiwa imewashwa, unafuata mlolongo wa koili isiyovuta, unaunganisha miguu ya swichi moja baada ya nyingine, na pale koili inaporuka umempata mhalifu. Waya usiushikilie hapo kwa muda, kwa sababu koili nyingi zimekusudiwa kuvuta kwa kitambo kidogo tu, na ukiunganisha kimakosa miguu ya koili yenyewe umetengeneza shoti na fyuzi itakatika. Baada ya hapo kazi ni ya tupa laini na mkono mwepesi: ncha za fedha husafishwa bila kuliwa, ndimi hupindwa hadi zigusane kwa msuguano kidogo, na mafuta hayakaribii swichi hata kidogo. Grisi iliyoganda ndani ya stepa, ambayo husimamisha mchezo sawasawa na waya uliokatika, hakuna multimita itakayoiona.

Anayenunua multimita kwa kazi hii asihangaike na uwezo wa kusoma mawimbi yaliyovurugika, kwani umeme wa transfoma hizi ni wimbi la kawaida la gridi. Fedha hiyo iende kwenye kioo kinachoonyesha omu sambamba na mlio, kwenye klipu za kuning'iniza zinazoacha mikono huru, na kwenye ncha zilizovikwa plastiki hadi karibu na mwisho. Ndimi za swichi zimepangwa zikiwa zimeachana milimita chache, na ncha iliyo wazi kwa urefu wa kidole huunganisha mbili kwa mpigo, kisha rilei isiyohusika ikaruka na uchunguzi wote ukalazimika kuanza upya.