Dawa ya goti la mama: chini ya stika kulikuwa na lebo nyingine

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nazungumzia ile DMSO, kimiminika cha kemikali kinachouzwa mitandaoni kama dawa ya magoti, mgongo na kila maradhi. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa Dar, ikanifikia Tanga kwa basi: chupa ya plastiki yenye stika ya kijani, "safi asilimia 99.9".

Nianze na haki yake. Mama alipakwa siku mbili tatu, na siku ya nne kama sikosei alisujudu bila kushika kiti. Miezi mingi alikuwa akiswali amekaa. Nilifurahi nikawapigia ndugu zangu, na jirani nikampa namba ya muuzaji. Hilo la jirani linaniuma mpaka leo.

Harufu ilikuwepo tangu mwanzo. Unampaka gotini, muda si mrefu pumzi yake inanuka kitunguu saumu. Muuzaji alisema ndiyo dalili kwamba inafanya kazi, nami nikaridhika. Sikujiuliza: kitu kinachotoka gotini kikafika mdomoni upesi namna hiyo, kinabeba nini kingine njiani?

Kanga ndiyo iliyonijibu. Mama alijifunga kanga mpya, nyekundu, haijaonja maji, goti likiwa bado bichi. Alipoifungua, rangi ilikuwa imeingia kwenye ngozi. Nimesugua kwa sabuni, kwa mafuta ya nazi, haitoki, na pale pote vipele na kuwasha kama aliyepita kwenye upupu.

Nikaichukua chupa niisome vizuri. Kona ya stika ilikuwa imelowa na kuinuka, nikaivuta. Chini yake lebo nyingine, ya Kiingereza: matumizi ya kiwandani tu, si kwa binadamu. Namba ya toleo imekwanguliwa. Nilikaa chini.

Nikampigia. "Dada, weka kwenye friji. Ikiganda ujue ni safi." Nikaweka, na kweli iliganda kama mafuta ya nazi wakati wa kipupwe. Kwa muda nikaona haya, nikadhani nimemsingizia mtu.

Mfamasia wa mtaani kwetu ndiye aliyenifungua macho. DMSO isiyo na maji huganda yenyewe kwenye nyuzi 18 hivi, kwa hiyo friji inakuonyesha kama imezimuliwa sana, basi. Haikuonyeshi metali, wala mabaki ya kemikali nyingine, wala kilichoyeyuka kutoka kwenye chupa yenyewe, maana kitu hiki huyeyusha baadhi ya plastiki. Viwandani wanakitumia kuyeyushia kemikali na kubandulia rangi. Kule uchafu kidogo hauna neno, ubao hauna damu. Kwenye ngozi kinapita, na baadhi ya uchafu unapita nacho.

Nikampigia tena na swali moja tu: umeitoa wapi? Akabadilika sauti. "Wewe mama una nongwa. Goti limepona, unatafuta nini chini ya stika?"

Unatafuta nini chini ya stika! Natafuta kilichoingia mwilini mwa mama yangu. Akanitupia kwamba Wamarekani wanaitumia miaka yote. Ndiyo, na mfamasia alishanieleza wanavyoitumia: mwaka 1978 waliiruhusu kwa maradhi ya kibofu, mchanganyiko wa asilimia 50, unaingizwa kibofuni kwa mpira mwembamba na mtaalamu. Na farasi wanapakwa. Nilipomwambia hayo akakata simu, akanifungia namba.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema muuzaji ndiye mbaya, tafuteni iliyo safi. Goti si lilipata nafuu? Lakini kila nikiifikiria hiyo "safi" naishiwa nguvu. Nani ataniapia? Kwenye chupa hakuna namba ya usajili ya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba. Kemikali za viwandani zinasimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali, naye hazisajili ili wazee wapakwe magotini. Na hata huyo aliyekuwa akisujudu vizuri, sijui sasa kama ilikuwa dawa au ni ule moto wa ngozi uliomsahaulisha maumivu. Basi hapana. Sisemi tena tafuteni iliyo safi. Msinunue.

Mama haelewi. Jana usiku ananiambia, "Mwanangu, nipake kidogo tu, linanikata." Nimemkanda kwa maji ya moto, chupa nimeificha.

Kwa jirani nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi. Akatoa chupa yake, stika ileile ya kijani, tukaibandua pamoja. Chini kulikuwa na lebo tofauti kabisa na yangu, ya lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kuisoma.