Bomba la PPR PN20 kwa maji ya moto: zuri, mradi lisikutane na sola ana kwa ana

Kwa nyumba yenye hita ya umeme ya lita 30 mpaka 80, PPR (bomba la plastiki linaloungwa kwa kuchomwa moto) ya PN20 ndiyo tunayoipendekeza kwa njia ya maji ya moto, na hatusiti. Haina kutu, na hilo si dogo kwa nyumba za Mombasa na Dar es Salaam ambako maji ya kisima yenye chumvi hulitafuna bomba la chuma kutoka ndani. Ikivuja, mara nyingi kosa ni moja kati ya mawili: imepitishiwa moto usio saizi yake, au kiungo kimechomwa vibaya.

Dukani usidanganywe na mstari mwekundu, ule wa kuashiria bomba la maji ya moto. Soma maandishi yaliyo kwenye ubavu wa bomba. Bomba la milimita 20 la PN20 huandikwa 20 x 3.4, yaani ukuta wake ni milimita 3.4. La PN16 ni 2.8, la PN10 ni 1.9. Ukiwa na kalipa (kifaa cha kupimia unene), pima mdomo wa bomba palepale kaunta, maana maandishi hayana gharama kuyachapa. Wengi huuliza: tangi liko mita 5 tu juu ya bafu, presha haizidi nusu baa (baa ni kipimo cha presha), unene wote huo wa nini? Unene huo ni wa kuhimili joto. PN20 maana yake ni baa 20 kwa maji ya nyuzi 20. Yakipita maji ya nyuzi 70 miaka nenda miaka rudi, uwezo hushuka hadi theluthi moja hivi. Kiwango cha kimataifa cha mabomba haya, ISO 15874, daraja la 2, hupiga hesabu ya miaka 50 hivi: nyuzi 70 kwa miaka 49, nyuzi 80 kwa mwaka 1, na nyuzi 95 kwa saa 100 tu.

Hizo saa 100 ndizo zinazotufanya tuwe wakali kuhusu sola, yaani hita ya maji inayotumia jua. Sola ya mirija ya vioo ikikaa juani na hakuna anayefungua bomba, maji ya tangini yanaweza kukaribia kuchemka. Saa moja ya hali hiyo kila alasiri, na akiba ya saa 100 imekwisha kabla ya miezi 4. Kwa hiyo kutoka kwenye sola tumia shaba mpaka kwenye valvu ya kuchanganyia maji ya moto na ya baridi, iliyowekwa nyuzi 50; PPR ianzie baada ya valvu hiyo. Soma presha ya chini kabisa ambayo valvu inahitaji, kwani nyingine hazifanyi kazi kwa maji ya kushuka yenyewe kutoka tangini. Bomba la pumzi, la kutolea hewa na mvuke wa sola, nalo liwe la chuma au shaba, lipande juu kuliko usawa wa maji ya tangi la baridi, wala lisiwekwe koki.

Sasa kiungo, ambapo fundi mzuri hujulikana. Mashine ya kuchomea iwe nyuzi 260, na usianze kabla taa ya kupasha haijazima. Kata bomba kwa mkasi wake, kata ya mraba, futa vumbi na maji. Weka alama ya kina: milimita 14 kwa bomba la 20, milimita 16 kwa la 25. Ingiza bomba na fitingi (kipande cha kuungia) kwenye mashine kwa pamoja bila kuzungusha. Sekunde 5 kwa la 20, 7 kwa la 25, 8 kwa la 32. Toa, na ndani ya sekunde 4 (la 32 sekunde 6) sukuma moja kwa moja mpaka kwenye alama, shika bila kutikisa, kisha liache lipoe dakika 2 angalau, la 32 dakika 4. Tazama mdomo wa fitingi: unatakiwa uone pete mbili nyembamba za plastiki, zimelala sawasawa kuzunguka pande zote. Pete ikiwa nene upande mmoja, bomba liliingia kwa mshazari. Ukipitisha muda au ukisukuma kupita alama, plastiki hujikunja ndani, na tundu la bomba la 20, ambalo ni milimita 13.2 tu, hubaki kijitundu. Mteja atalalamika kwamba maji ya moto hayana nguvu. Tone la maji likibaki kwenye bomba hugeuka mvuke wakati wa kuchoma na kuacha kitundu cha sindano ambacho huanza kutoa jasho baada ya wiki kadhaa.

PPR hurefuka kwa joto: milimita 0.15 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja. Mita 6 zikipanda nyuzi 40 zinarefuka milimita 36. Ndani ya plasta hakuna shida, ukuta unalibana. Juu ya ukuta au darini, acha mkono wa kujikunja, yaani kipande cha bomba kisichobanwa, wa sentimita 80 hivi kwenye kona, na klipu zinazoruhusu bomba kuteleza, kila sentimita 50. Kwa njia ndefu ya wazi, ongeza pesa ununue PPR yenye nyuzinyuzi za kioo, hurefuka karibu robo tu ya hapo. Nje lifunike lisipigwe na jua. Likiachwa wazi hupauka na kuvunjika.

Kwenye hita tumia fitingi yenye thredi ya shaba, kamwe si thredi ya plastiki. Usiikaze kwa hasira, shaba hulegea ndani ya plastiki. Valvu ya usalama ikae upande wa maji baridi, bila koki kati yake na hita, na mdomo wake wa kutolea maji usizibwe: lita 50 zikipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 huongezeka robo tatu ya lita hivi, na lazima ipate pa kwenda.

PVC ya kawaida usiiguse kwa kazi hii. Ikifika nyuzi 60 hulainika.

Kabla ya plasta, na kabla ya kuunganisha hita, jaza maji, toa hewa, pandisha hadi baa 15 kwa pampu ya mkono. Sindano ya kipima presha itashuka kwa sababu bomba linavimba. Rudisha presha kila dakika 10 kwa nusu saa. Nusu saa inayofuata isishuke zaidi ya baa 0.6, na saa 2 baada ya hapo isishuke zaidi ya baa 0.2. Ikizidi, pitisha kitambaa kikavu kwenye kila kiungo mpaka kilowane.