Rhapsody in Blue ya 1976: Gershwin kwenye piano, miaka 39 baada ya kufa

Ukitaka kuisikia kwa mara ya kwanza Rhapsody in Blue, utunzi wa Mmarekani George Gershwin kwa piano na bendi ya jazz, anza na rekodi ya kondakta Michael Tilson Thomas na Columbia Jazz Band. Ile ya kondakta Leonard Bernstein ya 1959, yenye okestra kamili, bado naipenda, ila mwendo wake ni wa madaha: dakika 16 na ushei. Hii haifiki 14.

Anayepiga piano ni Gershwin mwenyewe, aliyefariki 1937. Mwaka 1925 alirekodi muziki huu kwa ajili ya piano za kujiendesha, zile zinazosoma karatasi ndefu iliyotobolewa matundu. Alipiga kila kitu, sehemu zake na za bendi. Kwenye rekodi hii matundu ya sehemu za bendi yamezibwa, zikapigwa na wanamuziki wenyewe. Sasa piano ya karatasi haisubiri mtu! Kuna mahali unasikia kabisa bendi inaikimbiza, na hapo huwa nacheka peke yangu.

Mpangilio wa vyombo ni ule wa Ferde Grofé kwa bendi ya Paul Whiteman, iliyouzindua New York tarehe 12 Februari 1924. Wapigaji ni wachache, banjo inasikika, saksafoni zina ukali. Klarineti ya mwanzo inapanda kama king'ora. Inasimuliwa Ross Gorman aliiburuza hivyo mazoezini kwa utani, Gershwin akaipenda.

Kasoro ipo. Ile sehemu ya taratibu, ambayo wengi wanaijua kwa matangazo ya United Airlines, inapita kabla hujaifaidi. Kwa sehemu hiyo narudi kwa Bernstein.

Bernstein huyohuyo aliwahi kuandika kwamba utunzi huu ni mfululizo wa vipande vilivyobandikwa pamoja, unaweza kukata popote na muziki ukaendelea. Alikuwa anaukosoa. Mimi naona ndiyo siri ya kudumu kwake. Santuri ya kwanza ya 1924 ilibidi ikatwe mpaka dakika 9 hivi ili ienee pande mbili, na ikapendwa hivyohivyo. Olimpiki ya Los Angeles 1984 waliukabidhi kwa wapiga piano 84. Hakuna kilichoharibika.

Programu ninayotumia kusikilizia muziki haionyeshi mpangilio upi ni upi, kwa hiyo tafuta kwa jina la Tilson Thomas, na uhakikishe mwaka: ana rekodi nyingine za utunzi huuhuu.