Saini mbili zimekufa kwa mhuri mmoja

Kwa kopi, skani na kulaminisha, stesheneri hii ya Chake Chake haina mpinzani, na bei zake haziumi. Lakini PDF iliyosainiwa kidijitali msiwapelekee, hata kama boti inakuacha.

Mkataba ulikuwa na saini mbili halali. Kilichobaki ni namba ya risiti na mhuri, ukurasa wa 3. Kijana wa kaunta akabandika picha ya mhuri, akalichapisha faili upya kuwa PDF. Nikamwambia saini zimekufa. Akajibu bila ya kuniangalia: "Saini si hiyo hapo mama, inaonekana."

Inaonekana! Kinachoonekana ni picha tu; saini ya kidijitali yenyewe ni data ndani ya faili, inayothibitisha kuwa kilichosainiwa hakikuguswa. Faili lilikwenda na KB 840, likarudi na KB 310, na hapo hata kulifungua huna haja. Nyongeza halali huandikwa mkiani mwa faili, baiti zilizosainiwa haziguswi, kwa hiyo faili lazima likue. Likipungua limeandikwa upya. Ndiyo maana kulibana, kuliunganisha na jengine au kulichapisha upya, vyote vinaua saini.

Kazi hufanywa kabla ya saini ya kwanza: weka visanduku vya yote yatakayojazwa baadaye, risiti, tarehe, saini ya pili. Anayesaini mwanzo kwa kuthibitisha waraka huchagua ngazi ya mabadiliko yatakayoruhusiwa baada yake. Ya 1 haikubali badiliko lolote. Ya 2 inakubali kujaza fomu na kusaini. Ya 3 inaongeza maoni, na mhuri unaowekwa kama maoni huingia hapo. Picha iliyozamishwa ndani ya ukurasa haipiti hata ngazi ya 3, wala ukurasa uliochomekwa kutoka faili jengine. Kiambatisho kiwe faili lake, na saini yake.

Nilitaka kuwapa nyota tatu, maana aliyetayarisha mkataba naye hakuacha kisanduku cha risiti, na hilo si kosa la kaunta. Halafu nikachomeka flashi nyumbani: wamehifadhi juu ya faili la asili, kwa jina lile lile! Wangeongeza mkiani tu, ningebofya saini na kufungua toleo lililosainiwa, nikalirejesha. Sasa hakuna cha kurejesha. Wasaini wawili, mmoja Unguja mmoja Dubai, waanze upya.

Nyota moja. Na mhuri walinitoza shilingi elfu moja.